Kuchora kwa Kishikwambi, na Gharama Yake

Baada ya sensa ya mwezi wa Agosti, mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi ya kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu wa Tanzania, nami nikapata kimoja. Nalifurahi sana, maana kwa miaka mingi nalichora picha za masomo ubaoni kwa chaki, na kila jioni mtoto wa zamu akazifuta. Moyo wa mtu pamoja na mishipa yake nimeuchora mara zisizohesabika. Nikawaza, nikichora humu picha itakaa, na mwakani itanifaa tena.

Basi nikatafuta programu ya kuchorea. Ya kwanza niliyoiona iliandikwa kuwa ni bure, nikaichukua pasipo kuyasoma maneno madogo ya chini. Kumbe bure ile ilikuwa ya siku saba tu! Nalichora picha 11, tena usiku. Na siku ya nane shilingi 20,000 zikatoka katika simu yangu, nami sina habari. Mke wangu akaniuliza, "Baba Rehema, fedha za sare ya mtoto ziko wapi?" Nikakosa la kujibu. Nikaikata ile ada, ndipo nikaona jambo la pili, baya kuliko la kwanza: picha zangu naruhusiwa kuzitazama, lakini nikitaka kuzitoa humo ili zichapwe, sharti nilipe tena. Nalikuwa kama mtu aliyelima shamba la kukodi. Mahindi yamekomaa, naye mwenye shamba ameziba njia.

Tangu hapo nikawa mwulizaji. Mwalimu mwenzangu aliisifu Procreate, itengenezwayo Tasmania, huko Australia, ambayo hulipiwa mara moja tu. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini hufanya kazi katika vifaa vya Apple peke yake, na changu si cha ukoo huo. Kwa mtu kama mimi, bei yake ni pamoja na bei ya kishikwambi kingine. Clip Studio Paint ya Wajapani katika vishikwambi hutaka ada ya mwezi au ya mwaka, na ladha ya ada nalikwisha kuionja. ibisPaint, nayo ya Wajapani, ni bure, na burashi zake ni nyingi mno. Ila matangazo ndiyo yanayoilipia, nami sikupenda watoto walionizunguka watazame matangazo nisiyoyachagua mimi.

Mwisho nikaijaribu Krita. Jina hilo ni neno la Kiswidi, maana yake chaki, nami nilipolisikia nalicheka peke yangu. Ni bure, wala haina matangazo. Ile ya vishikwambi vya Android ilitolewa mwaka 2020 kama toleo la majaribio. Sisemi kwamba ni nyepesi: ilizaliwa katika kompyuta, na vitufe vyake ni vidogo kwa kidole cha mkulima. Tena picha kubwa yenye tabaka nyingi hukilemea kishikwambi. Tabaka, ndugu msomaji, ni kama karatasi za nailoni angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya chini nachora moyo, ya kati mishipa, ya juu naandika majina; siku ya mtihani nayaficha majina, na picha ni ile ile. Kwa ajili ya hilo tu nalikuwa tayari kuvumilia mengi. Nikapunguza ukubwa wa picha, nikabaki na tabaka tatu, ikaenda.

Lakini safari hii sikuanza na moyo. Nalichora mstari mmoja, nikautoa kama picha ya PNG, nikaupeleka katika simu, ukafunguka. Nikazima intaneti, nikaifungua programu tena, ikakubali. Ndipo nikaketi kufanya kazi.

Sare ilinunuliwa, ingawa kwa kuchelewa majuma mawili. Katika zile picha 11 nimezirudia tisa. Nikimwonyesha Mama Rehema iliyo mpya, huitazama vizuri, kisha huuliza, "Na hii, siku yake ya nane ni lini?"