Mvinyo mweupe wa Dodoma mezani, watoto wakitazama

Ukitaja mvinyo wa Dodoma, wengi hukumbuka ule mwekundu mtamu wa kwenye kipaimara na sendofu, unaonyweka kama soda na kesho yake kichwa kinagonga. Mweupe mkavu, yaani ule ambao sukari yake karibu yote imegeuka kilevi, hauzungumzwi sana. Ni mwepesi, una uchachu kama wa ndimu, na ukinywewa wa baridi na samaki unaburudisha kweli.

Mwalimu mmoja wa sekondari jijini Dar es Salaam, mama wa watoto wawili, aliujua kupitia ukweni. Mama mkwe wake ana shamba la zabibu Hombolo. Walipokwenda kumsalimia mwezi Agosti, wakati wa mavuno, alimwekea zabibu za kijani kwenye ungo. “Onja hizi, mwanangu. Ndizo za mvinyo mweupe.” Zilikuwa tamu, lakini nyuma ya utamu kulikuwa na ukali uliomsisimua meno. Bibi mwenyewe hanywi kabisa. Anachofuatilia yeye ni bei ya kilo.

Zabibu hiyo inaitwa Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na Afrika Kusini inalimwa kwa wingi. Sifa yake ni kubaki na uchachu hata ikiivia kwenye jua kali, na ndiyo maana Dodoma inaifaa. Mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja, mchana unachoma na usiku unapoa. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima anaupogoa ili uchipue upya, na anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya huvuna mara moja.

Kuhusu bei, kodi nayo inasaidia. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko ule wa kutoka nje. Dukani, soma lebo itafute neno “dry”. Likikosekana, huenda ukabeba ule wa sendofu. Chagua chupa ambayo haikukaa juani dirishani. Rangi iwe ya manjano hafifu. Ukiona imeelekea kahawia, iache hapo hapo.

Kwa mwalimu huyu, hata hivyo, shida haikuwa bei. Alilelewa na baba mnywaji. Nyumbani kwao chupa ikifunguliwa ilikuwa lazima iishe, na watoto walijifunza kuutambua mwendo wa baba tangu akiwa mbali, kabla hajafika mlangoni. Mumewe aliporudi na chupa ya kwanza kutoka Dodoma, ilikaa kabatini miezi kadhaa. “Baba, kwangu hiyo si zawadi,” alimwambia mumewe. Naye hakubishana, jambo ambalo pengine ndilo lililoiokoa ile chupa.

Walipoifungua, waliifungua kwa makubaliano. Jumamosi tu, tena wakati wa chakula. Glasi moja kwa kila mtu. Atakayeendesha gari usiku huo hanywi. Mtoto hatumwi dukani kununua, wala haonjeshwi “kidogo tu” ili wageni wacheke. Alipokuwa mjamzito wa mtoto wa pili mwalimu aliacha kabisa, kwa sababu hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Mumewe aliacha naye, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mzazi anayesoma hapa asidanganywe na maneno kwamba mvinyo ni dawa ya moyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Tangu 1988, wataalamu wa saratani wa shirika hilo wameiweka pombe katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, ikiwamo ya matiti. Mvinyo mweupe haujasamehewa. Glasi ya mililita 150 yenye nguvu ya asilimia 12 ina gramu 14 hivi za kilevi halisi, na chupa ya kawaida hutoa glasi tano za namna hiyo. Anayekunywa anakunywa kwa ajili ya ladha, na kadiri inavyokuwa kidogo ndivyo hatari inavyopungua. Asiyekunywa hana sababu ya kuanza.

Jumamosi moja walikula sato wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu nyingi. Baada ya kula, baba alikifunga kifuniko na kuirudisha chupa kwenye friji, bado ikiwa zaidi ya nusu. Binti yao wa miaka tisa alikuwa akitoa sahani.

“Mama, mbona hamjaimaliza?”

“Chakula kimeisha,” mama yake alimjibu.

Mtoto aliikubali sababu hiyo, akaenda kuosha vyombo. Mvinyo uliobaki ulikaa kwenye friji hadi Jumanne, na sehemu yake ikaishia kwenye sufuria ya mchuzi wa samaki.