Usimnyang'anye Mwalimu Simu

Leo sina vichekesho. Wengi mmeniuliza mbona nilifuta ile video ya mum, ile ya "Ingia basi!" Wacha niwaambie.

Mum ni mwalimu wa shule ya msingi huku Cheptiret, hapo unashukia matatu ya Nakuru ukielekea Chuo Kikuu cha Moi. Amefundisha miaka mingi kushinda umri wangu. Senta nzima, kuanzia mama mboga hadi watu wa boda, humwita Mwalimu. Lakini mimi, juu niko na simu ya kamera tatu, nilijiona ndio msomi wa boma.

Jioni hiyo alikuwa anajaribu kupakia alama za wanafunzi. Mtandao ulikuwa umelala. Yeye anabonyeza kioo kwa nguvu kama mtu anapiga kengele ya mlango, anabembeleza simu, "Ingia basi, wewe. Ingia basi." Nikarekodi. Nikaposti. Watazamaji elfu kumi na moja, manze! Sijawahi kupata hizo.

Jumatatu akiingia darasani, mtoto mmoja wa nyuma akasema, "Ingia basi!" Darasa likapasuka.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu wameona wangapi. Nikamwambia. Akaendelea kumenya viazi. Afadhali angenichapa.

Hapo ndio nilianza kuwaza. Mwaka wa 2013 wanasiasa waliahidi laptop kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Kufikia 2016 zikaanza kuja tableti, na zingine zilitoka kwa jirani wetu: Chuo Kikuu cha Moi kilishirikiana na kampuni ya Ureno, JP Sá Couto, kuzitengeneza na kuzisambaza. Mum alipelekwa mafunzo siku chache, akarudi na daftari limejaa. Tableti zikafungiwa kwa chumba chenye madirisha ya vyuma zisiibwe, na ufunguo ukawa wa mtu mmoja ambaye huwa hayupo. Utajifunzaje kuendesha baiskeli iliyofungiwa stoo? Kisha CBC ikaanza 2019, corona ikafunga shule Machi 2020, na sasa alama za tathmini zinapakiwa kwa tovuti ya KNEC. Na mum anapakia kwa simu yake, kwa bando yake, usiku, baada ya kukama ng'ombe. Halafu kijana wake anamcheka mbele ya watu elfu kumi na moja.

Nikamwomba msamaha, nikasema nitamfundisha. Jumamosi tukaketi. Dakika ya pili nilikuwa nimemnyang'anya simu. "Leta, leta, nikuonyeshe." Vidole vyangu vikakimbia, nikamaliza, nikamrudishia. "Umeona?"

"Sijaona kitu," akasema. "Nimeanza kufundisha watoto kuandika kabla hujazaliwa. Sijawahi kumpokonya mtoto penseli nimwandikie."

Eish.

Tukaanza upya. Ilibidi nikalie mikono yangu, kihalisi. Kumwambia mtu kwa maneno mahali pa kubonyeza ni ngumu, jaribuni mtaona. Nilikuwa nasema "hapo, si hapo, hapo juu," anauliza, "Juu ya nini?" Aliandika kila hatua kwa daftari, kwa kalamu nyekundu, kama anaandaa somo. Alisahau pasiwadi mara tatu. Mara ya nne ikaingia. Mwishowe akanipa alama za ualimu: 4 kwa 10. Maoni: anaongea haraka, hana subira.

Hii ingine hakuniambia yeye, nilisikia kwa mtoto wa jirani. Wiki iliyopita alifungua chumba, akaweka projekta, akataka kuwaonyesha darasa filamu fupi ya mto Nzoia. Ikagoma, ile duara ikazunguka weee. Watoto wakanyamaza, kila mtu anajua wanafikiria nini. Mum akageuka akasema, "Haya, wote pamoja." Darasa zima likapiga kelele, "Ingia basi!" mpaka mwalimu wa darasa jirani akachungulia. Sauti haikutoka, kebo ilikuwa imelegea. Yule mtoto wa nyuma ndiye alienda kuikaza, na mum akasimama kando akimtazama.

Nimemwomba ruhusa nirudishe ile video. Amekataa. Anasema bado niko 4 kwa 10.