Mfuko wa Kanzu



Juma hili nawaandikia kutoka Funyula, mji mdogo ulio karibu na vilima vya Samia katika kaunti ya Busia, ambako Uganda ni jirani wa karibu kuliko Mombasa. Akina mama wa darsa ya hapa wana ada moja nzuri. Kila mmoja ana daftari lenye jalada gumu, na kila Ijumaa mmoja wao hutoa dokezo, neno au swali fupi tu, nalo hujibiwa kwa ukurasa mzima. Ukurasa huo si wa maandishi matupu. Hubandikwa kipande cha kanga, karatasi ya kaki, jani la mgomba lililokauka. Hupakwa maji ya majani ya chai, au udongo mwekundu wa vilima hivi vilivyowapa Wasamia wa kale chuma cha kufulia majembe. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano.

Huenda msomaji wa pwani akauona huu kuwa mchezo wa watoto. Basi na akumbuke misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, na jinsi waandishi wake walivyoipamba kingo kwa wino mwekundu na mweusi. Na mama yeyote aijuaye kanga, kwa pindo lake, mji wake na jina lake, amekwisha kufundishwa kuupanga ukurasa.

Mmoja wa akina mama hawa alifiwa na mumewe, mfanyabiashara wa mahindi, akakaa eda ya miezi 4 na siku 10. Darsani hakuja, wenzake wakawa wakimpelekea dokezo nyumbani. Akaniuliza kupitia kwa kaka yake: “Maalim, rangi hizi si mapambo niliyokatazwa?” Nikamjibu kuwa mapambo anayojizuia nayo mwenye eda ni ya mwili na mavazi, kama manukato, wanja na vito, karatasi haimo. Wala huzuni iliyowekwa kimya katika daftari si maombolezo ya kupiga mayowe na kurarua nguo.

Kisha likaja dokezo: “Alichokuwa akikishika kila siku.” Akataka kukata mfuko wa kanzu ya marehemu, na ukurasa mmoja wa daftari lake la madeni. Hapo nikamwomba auweke mkasi chini kwanza.

Kanzu ile, hata ikiwa imechakaa, ni mali ya mirathi. Madeni hulipwa, wasia hutekelezwa, kisha warithi hugawiwa. Na warithi wenzake walikuwemo watoto wake wadogo, ambao haki yao haisamehewi na yeyote, hata mama yao. Daftari nalo lina uzito zaidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Kila mstari wa daftari lile huenda ukawa gunia la mahindi la yatima. Kulikata ni kuwapotezea mayatima ushahidi.

Madeni yalipokwisha kulipwa, kanzu ikathaminiwa mbele ya jamaa, ikahesabiwa ndani ya thumuni yake, yaani fungu la nane, la mjane aliyeachiwa watoto. Ndipo akaukata mfuko. Daftari likabaki zima kwa msimamizi wa mirathi. Yeye aliiga tu kwa mkono wake tarakimu 7 kama alivyozoea kuiandika mumewe, yenye mkia mrefu ulioshuka hadi mstari wa chini, akaijaza ukurasa mzima.

(Nimeyaeleza haya kwa idhini yake. Na kwa watakaojaribu majumbani: kadi za harusi na kalenda zenye jina la Mwenyezi Mungu au aya msizikate vipande, ziwekeni kando kwa heshima.)

Mfuko ule ameushona kwa uzi pande tatu, juu akauacha wazi. Mwanawe mdogo hutia humo punje za mahindi, naye huziacha.

Wabillahi tawfiq.