Anayesoma Si Aliyeandika

Ndugu msomaji, kama ulikuwa umeshapata akili mwaka 1982, bila shaka unaikumbuka Jumapili ile ya Agosti 1. Sisi tulikuwa nyumbani Ganjoni, tunakunywa chai kwa mahamri, mimi mtoto wa miaka tisa. Redio ikatangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa.

Kilichotushtua zaidi ni ile sauti. Ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Frere Town, hapo ng'ambo tu, ambaye kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilikuwa kikitufunza adabu tangu 1966. Baba akafunga madirisha. Baadaye siku hiyo hiyo, sauti ile ile ikatwambia serikali ingali imara.

"Baba, Mbotela anasema kweli ipi?" niliuliza.

"Mwanangu, anayesoma si aliyeandika."

Mbotela mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi askari waasi walivyomtoa nyumbani alfajiri na kumpeleka studioni kwa mtutu wa bunduki. Tazama mambo ya dunia! Mtu wa ukoo wake, James Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Nani angemlaumu?

Lakini je, siku ambazo bunduki haikuwapo? Mpaka Moi alipoondoka Desemba 2002, taarifa ya habari ya redio ya serikali ilianza na "Mtukufu Rais", hata kama siku hiyo alikwenda kanisani tu. Idara yake ya habari iliandamana naye kila pembe ya nchi. Mbotela naye aliwahi kuhudumu humo. Lee Njiru alibaki na Moi hata baada ya kustaafu, mpaka mzee huyo alipofariki 2020. Watu hawa walikuwa na watoto wa kusomesha, kama wewe na mimi.

Nayasema haya kwa sababu yamenifika mlangoni. Mbotela alipofariki Februari 2025, binti yangu, aliyesomea uandishi wa habari, alikuwa ameitwa kazi ya kumwandikia habari mwanasiasa mmoja. Mshahara mzuri. Nikamhadithia ya 1982 na maneno ya babu yake.

Alinisikiliza, kisha akauliza: "Mama, na mshahara nao si bunduki?"

Sikuwa na la kumjibu. Kodi ya nyumba alikuwa akinisaidia yeye.

Usiku nikamwendea chumbani. Nikamwambia kazi aichukue akitaka, lakini siku atakapoambiwa aandike watu mia mbili kuwa maelfu, arudi nyumbani. Chai na mahamri hatutakosa.

Je, msomaji, wewe ungemwambia nini mwanao? Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona.