Masereka: Nani analipa mazutu ya remorki?

Asubuhi moja ya soko huko Masereka, eneo la Lubero, pikapu ya zamani ya Toyota ilisimama mbele ya nyumba ya kupanga, remorki imefungwa nyuma. Familia iliyokimbia vita kusini mwa eneo ilikuwa inahamia Butembo kwa ndugu zao. Tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa na M23 mwisho wa mwezi wa sita 2024, familia kama hiyo si geni kwenye barabara zetu. Katika remorki mlikuwa na vitanda viwili, magodoro, masufuria, mabati waliyoyabandua kwenye paa lao kabla ya kukimbia, na mifuko ya viazi ambavyo mama alivilima katika shamba la kukodi.

Walikuwa wamepatana juu ya malipo ya kazi. Mvutano ulikuwa juu ya mazutu. Shofere alitaka lita 20. Baba wa familia akakataa.

"Papa shofere, jirani yetu alipelekwa kwa lita 8."

"Jirani yenu hakuwa na remorki, papa. Tena mimi nitarudi huku juu na gari tupu. Hayo mafuta ya kurudi nitayatoa wapi?"

Wote wawili walikuwa na haki. Mazutu ya Butembo na Beni hutoka mbali, yanapita Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi, na kila lita ina bei ya safari hiyo. Kwa familia isiyo na shamba lake, lita 10 za kuzidi ni chakula cha siku kadhaa. Kwa shofere, lita 10 za kupunguka ni kufanya kazi bure.

Shida ni kwamba watu wengi hapa huhesabu mafuta kwa kilometa, na kilometa hazisemi kila kitu. Huko Marekani kuna watu wanaovuta nyumba ndogo za magurudumu nyuma ya pikapu kwenye barabara za lami. Kule mlaji mkubwa ni upepo: gari likitoka kilometa 80 kwa saa na kufika 100, upepo unasukuma kwa nguvu mara moja na nusu hivi. Kwetu gari linatambaa, upepo hauna neno. Wanaokula mazutu ni kilima, uzito na matope.

Kupandisha tani moja hadi mita 1000 juu kunahitaji karibu lita moja ya mazutu, hata barabara iwe nzuri. Pikapu, remorki, mzigo na watu vikifika tani tatu na nusu, kilima kimoja cha mita 200 kinakula zaidi ya nusu lita. Na barabara hizi hazishuki tu hadi Butembo: zinashuka, zinapanda, zinashuka tena. Juu ya mita 2000 hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ndiyo maana shofere hupanda kwa vitesi ya pili, polepole. Udongo ukilowa, hesabu inaharibika kabisa.

Mzee mmoja wa jirani ndiye aliyewapatanisha. Alisema wasibishane juu ya kitu kinachoweza kupimwa. Tangi lijazwe mpaka shingoni mbele ya wote. Wakifika Butembo, lijazwe tena kwa bidoni yenye alama za lita. Kilichoingia ndicho kilicholiwa. Familia ikaweka fedha za lita 20 mikononi mwa yule mzee, naye akapanda gari pamoja nao.

Kabla ya kuondoka, shofere alitia hewa katika magurudumu, maana gurudumu laini linakula mafuta. Akahamisha viazi kutoka mkia wa remorki, akavipanga mbele kidogo ya ekseli, ili remorki isiyumbe.

Kwenye mteremko wa kwanza mrefu, baba akasema: "Hapa tunashuka, zima moteri, tusipoteze mafuta yetu."

Shofere akakataa. Moteri ikizimwa, freni zinakuwa ngumu mguuni, usukani nao unakuwa mzito, na remorki yenye zaidi ya tani moja inasukuma kutoka nyuma. Tena hakuna faida kubwa. Gari likishuka ndani ya vitesi, mguu ukiwa umetoka kwenye gesi, moteri inazungushwa na magurudumu na karibu hainywi mazutu. Inashikilia gari na kuzipumzisha freni. Mashofere wanaoshuka bila vitesi ili kuokoa nusu lita wanaiweka familia nzima kwenye mizani na hiyo nusu lita.

Mvua haikunyesha. Butembo, tangi lilipojazwa tena, ziliingia lita 9. Kwa kurudi, shofere alipata chumvi na sabuni za wachuuzi wa Masereka, hivyo gari halikurudi tupu. Walikubaliana familia isaidie lita 3 tu. Mzee akarudisha fedha za lita 8. Mama alizifunga kwenye kona ya kikwembe chake kabla hata ya kushusha godoro la kwanza.

Kama ingenyesha, labda zote 20 zingekwisha, na familia ingelipa bila kinyongo, maana wangeona kwa macho. Hiyo ndiyo njia ambayo familia nyingine zinaweza kuifuata: pimeni tangi mbele ya shahidi, semeni mapema nani atalipa kurudi, ulizeni kama kuna mzigo wa kupanda. Na msimwombe shofere azime moteri kwenye mteremko.