Amplifaya ya Safari, na Kosa Langu kwa Mpiga Besi Wetu



Leo sina mahubiri marefu. Nina maungamo, na yanahusu gita la besi. Ndugu ninayemzungumzia ameyasoma maneno haya kabla yenu na amenikubalia niyaweke hapa. Jina lake nimeliacha.

Mwezi wa Agosti timu yetu ilienda misheni Kitui Kusini. Tulitoka Tassia alfajiri, tukashika barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, kisha tukapinda kuelekea Mutomo. Kwenye matatu tuliyokodi, kiti cha nyuma kilikaliwa na amplifaya ya besi ya kanisa, ile yenye spika ya inchi 15. Mimi ndiye niliyesisitiza ibebwe. Akina mama wawili walisafiri wamepakata mabegi yao njia nzima ili sanduku lile lipate nafasi.

Tulikofikia hakukuwa na stima. Jenereta iliwashwa wakati wa ibada tu, maana petroli ilitoka mbali. Kwa hivyo kila asubuhi, wakati vijana walipotaka kufanya mazoezi, sanduku letu lilikuwa meza ya kuwekea vikombe vya chai.

Siku ya pili, katikati ya sifa, besi ikaanza kunguruma vibaya. Kila noti ilitoka kama mtu anayepiga mlango teke. Nikamwashiria kijana apunguze. Akapunguza sauti kwenye gita, lakini vidole vikaendelea kuzichapa nyuzi vilevile. Nilipochukua maikrofoni kuhubiri, nikasema mbele ya watu wote kwamba wako wanaopiga ala ili waonekane wao, si Mungu. Sikutaja jina. Lakini jukwaani kulikuwa na mpiga besi mmoja tu.

Alirudi nasi Nairobi bila neno. Jumapili mbili hakuonekana kanisani.

Nikaenda kwake. Anaishi chumba kimoja, ghorofa ya tano, kwenye majengo yetu haya ya Tassia ambapo ukikohoa jirani anakuambia pole. Gita lilikuwa limeegemezwa kando ya kitanda.

Nikamwuliza, "Unafanyia mazoezi wapi?"

"Hapa hapa, Pasta."

"Na amplifaya?"

"Sina. Nilikuwa nachomeka kwenye wufa, jirani wa chini akanipeleka kwa keateka. Halafu spika yenyewe ikaanza kukwaruza. Siku hizi napiga kavu."

Wapendwa, mimi pia nilipiga besi. Nilijifunza nikiwa chuo cha Biblia. Ukumbi wa ibada ulikuwa mtupu mchana, amplifaya ipo, stima ipo. Sikuwahi kupiga kavu hata wiki moja. Nikamwomba anipigie.

Besi ya umeme haina tumbo la kuikuza sauti kama gita la kawaida. Bila amplifaya unasikia mkwaruzo wa vidole na mlio mwembamba. Ili ajisikie, ndugu huyu alikuwa akizivuta nyuzi kwa nguvu zake zote, na mwaka mzima vidole vyake vilikuwa vimezoea hivyo. Mpeleke mtu huyo mbele ya spika ya inchi 15 na nguvu ile inageuka ngurumo. Nilichokiita kiburi kilikuwa bidii ya kijana asiyeweza kujisikia.

Niliketi pale kitandani nikamwomba msamaha. Akasema, "Ni sawa, Pasta," kwa ile sauti inayokuonyesha kwamba bado si sawa.

Juma lile tukaenda Luthuli Avenue pamoja, kwa pesa zangu, si za sadaka. Nilitaka kumnunulia kitu kikubwa. Nadhani dhamiri ikikusuta, unatamani kulipa kwa kilo. Yeye akatikisa kichwa: "Pasta, nikienda misheni nina begi na gita. Hicho nitakibeba na nini?" Hapo nikanyamaza, nikamwacha achague.

Nawapa tulichojifunza, maana vijana wengi wa sifa huniuliza.

Kuna amplifaya ndogo yenye spika yake, inayotumia betri. Mfano ni Blackstar Fly 3 Bass: wati 3, spika ya inchi 3, betri 6 za AA. Ni nyepesi na unasikia noti zako. Lakini uzi mnene wa besi, ule wa E, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kutoa uzito huo. Unasikia noti, ila kifua hakiisikii. Na saa tano usiku kwenye ploti, jirani bado ataisikia.

Kuna ya kati, kama Roland Micro Cube Bass RX, yenye spika 4 za inchi 4. Nayo hutumia betri. Hiyo inawafaa watu wawili watatu wanaofanya mazoezi darasani bila stima. Ila ni mzigo wa peke yake safarini.

Kisha kuna kale kadude kanakochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gita, kama VOX amPlug ya besi. Hakana spika. Unavaa hedifoni, unaweka betri 2 ndogo za AAA zinazopatikana dukani mtaani, na kana tundu la kuunganisha simu ili upige pamoja na wimbo. Kanaingia mfukoni. Kwa sababu hedifoni iko sikioni, haihitaji kusukuma hewa ya chumba kizima, kwa hivyo ule uzi wa E unausikia ulivyo.

Alipojaribu ya namna hiyo dukani, nilimtazama vidole. Alianza kwa nguvu, akashtuka. Akavuta tena, taratibu. Mara ya tatu, mkono ukalegea kabisa. Hakusema kitu, wala mimi sikusema.

Mambo machache zaidi. Shusha sauti hadi sifuri kabla ya kuvaa hedifoni. Masikio hayana spea. Ukiletewa kifaa kutoka Marekani, soma adapta yake: kama haijaandikwa 100-240V, usiichomeke, maana wao hutumia volti 120 na sisi 240. Wapendwa wetu mlio Doha na Dubai, betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye begi la mkononi, haziwekwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Na hedifoni haitakufundisha kupiga pamoja na ngoma. Kwa hilo njoo mazoezini.

Sasa Neno. Tunapenda Daudi wa jukwaani, aliyempigia Sauli kinubi. Lakini soma 1 Samweli 16 polepole. Sauli alipotafuta mpigaji, mtumishi wake alishamjua Daudi kuwa ni mtu anayejua kupiga. Alijulia wapi? Walipomwita alikuwa na kondoo. Hakuna aliyempangia ukumbi. Alijifunza mahali pa siri, kwa ala ambayo mtu angeweza kutembea nayo. Na sura inayofuata, Sauli anamvika silaha zake nzito kwa nia njema kabisa, na Daudi anazivua kwa sababu hajazizoea.

Mimi nilikuwa Sauli. Nilibeba sanduku zito hadi Mutomo kwa ajili ya saa mbili za ibada, na sikuwahi kuuliza mtumishi wangu anajiandaa na nini katika zile saa nyingine za juma. Tena nikamhukumu kwa sauti ya jukwaani, bila kujua habari za chumbani kwake.

Wewe unayeongoza watu, iwe ni kwaya, ofisi au watoto wako, kabla hujakemea unachokisikia, panda ngazi ufike wanakojiandalia. Labda kosa unalolisikia lina ghorofa tano chini yake.

Nilimkemea mbele ya watu, kwa hivyo naomba msamaha mbele ya watu. Ndugu yangu, nisamehe. Hukuwa na kiburi. Mimi ndiye nilisema kabla ya kuuliza.

Amerudi ibadani, lakini anaketi na washirika, na gita hajalileta. Simsukumi. Ninyi mnaomjua, msimwulize atapanda jukwaani lini. Msalimieni tu. Jirani yake wa chini hajalalamika tena, na ameniambia anafanya mazoezi kila usiku.

Tuombe. Baba, wakumbuke wanaokutumikia mahali ambapo hatuwaoni. Utupe sisi viongozi masikio kabla ya midomo. Uwaponye wote tuliowajeruhi tukiwa na maikrofoni mkononi. Katika jina la Yesu.

Amina. Muwe na juma lenye baraka.