Sofa Kaibiwa, Gemu Je?

Fundi mmoja wa fenicha pale Keko kavimba wiki nzima. Kabuni sofa ya mtindo wake mwenyewe, kapiga picha kaiweka Instagram, siku chache tu jirani katoa ileile na anauza bei chee. "Wizi mtupu," anasema. Kwa hilo ana haki ya kuvimba.

Shida ni kwamba malalamiko anayatolea kwenye banda la gemu, pedi mkononi, mia tano kashalipa. Dogo mmoja akamchana: "Na waliotengeneza hili gemu, umewapa shilingi ngapi?" Banda zima kicheko.

Fundi naye hakukubali. PS2 Sony waliacha kuitengeneza tangu 2013, na FIFA 14 ndiyo ya mwisho kuitolea. Dukani mpya huipati. Sasa anayeinakili kwenye flashi kamnyima nani hela? Hapo jamaa ana pointi, tena nzito.

Ila pembeni yake kuna PS4 iliyochipiwa, imejaa magemu yanayouzwa mpaka leo. Hiyo hakuigusa kabisa! Na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda ngoma za Bongo Fleva, awe mwenyewe yuko Marekani au Mbagala.

Wakamgeukia mwenye banda, maana mia tano zote zinaishia mfukoni kwake. Bosi akasimama, akasema ngoja kwanza akanunue luku.